Tulilipia Giza

Ukitaka kumuudhi mama aliyezaliwa Munyu, simamisha gari langoni kwake Ijumaa jioni, mahema yakiwa yamefungwa juu, umwambie kwamba unakwenda kulipa pesa ili ulale mahali pasipo na stima. Mama yangu ana stima. Aliingoja tangu enzi za Kenyatta wa kwanza, ikampata enzi za Kenyatta wa pili, kwa ule mradi wa kuunganisha vijiji ulioanzishwa 2015, na tangu hapo balbu ya langoni kwake haijazimwa mchana wala usiku, majirani wasije wakasahau.

"Huko mnakokwenda kuna nini?" aliuliza kupitia dirisha la gari.

"Hakuna kitu, Mama. Hiyo ndiyo raha yake."

"Na hicho hakuna-kitu ni pesa ngapi?"

Nilitaja. Akaingia nyumbani bila kusema neno, nasi tukadhani mambo yameharibika. Kumbe anachukua koti, leso na tochi. Akafungua mlango wa mbele, akamtazama mke wangu mpaka mke wangu akahamia nyuma na watoto, kisha akajifunga mkanda. "Twende, baba," aliniambia. Huniita hivyo kwa kuwa nimepewa jina la baba yake. "Nataka nikaone wanachouza."

Wazo lilikuwa la mke wangu. Sisi tunakaa Ruiru, orofa ya nne, maji yakija kwa mgawo na stima ikipotea kila wingu linapokohoa. Kumbe miaka hiyo yote tulikuwa tunafanya utalii wa kuhifadhi mazingira bila kujua, tena bila risiti. Lakini ofisini kwake kila mtu amekwisha piga picha mbele ya hema. Akatafuta, akapata kambi hukuhuku Gatuanyaga, upande wa barabara ya Garissa, ambako maelezo ya kila kitu yalianza na neno "asilia".

Langoni tulipokewa na kijana wa akala aliyetuita "familia" na kutupekua mizigo kuliko askari wa uwanja wa ndege. Plastiki hairuhusiwi. Hapo sikuwa na neno: Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, na tangu Juni 2020 chupa za plastiki za kutumika mara moja haziingii katika mbuga wala misitu ya hifadhi. Ila sheria ya 2017 iliviachilia vifungashio vya kiwandani, ndiyo maana mkate wa dukani bado huja ndani ya nailoni. Kijana hakuachilia kitu. Aliivua mikate yetu mmoja mmoja, akaturudishia ikiwa uchi. Kufikia usiku siafu walikuwa wamepata habari.

Hema lilikuwa na maelezo ya Kichina na picha ya familia inayocheka. Tulilisimamisha, likalala, tukalisimamisha upande wa pili, likatulaza sisi. Mama aliketi pembeni akitutazama kama mtu aliyekata tikiti. Nchi hii imezoea watu wa mahema, lakini wa zamani walikuwa na udhuru. Elspeth Huxley, aliyeandika The Flame Trees of Thika mwaka 1959, anasimulia jinsi wazazi wake walivyokuja kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia wakalala hemani kwa sababu nyumba haikuwa imejengwa. Sisi yetu imejengwa, na kodi imelipwa.

Ng'ambo ya mto Athi ulionekana Ol Donyo Sabuk, mlima tunaouita Kilimambogo. Huko kumezikwa William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani aliyefariki 1925. Husimuliwa kwamba alitaka alazwe kileleni kabisa, lakini chombo kilichokokota jeneza kikashindwa na mteremko, wakamzika njiani. Kwa mara ya kwanza maishani nilimwonea huruma bwanyenye wa kikoloni. Upande huu haujali mtu amepanga nini.

Usiku ule tuliahidiwa ukimya. Tulikuwa tumesahau tu kwamba ni Ijumaa. Tulikuwa hatujafikiri kwamba Mungu naye ana ratiba. Saa tatu kanisa la jirani lilifungua kesha kwa vipaza sauti vinne. Mchungaji alikemea mapepo ya Thika, kisha ya Makongeni, na ilipofika saa tisa alikuwa amefika Ruiru, karibu sana na mtaa wetu. Mama aliitikia "amina" kila mara kutoka ndani ya hema. Yeye ndiye peke yake aliyefurahia ukimya huo.

Asubuhi tulikabidhiwa jiko la jua: sahani kubwa ya vioo inayokusanya miale na kuielekeza kwenye sufuria. Ni chombo kizuri, na Januari ungeweza kuchemshia mawe. Lakini ilikuwa Julai, gathano yenyewe, mawingu yametanda kuanzia Aberdare mpaka Ukambani, na miale iliyokwisha tawanywa na mawingu haikusanyiki, uielekeze utakavyo. Githeri iliwekwa saa tatu. Saa saba ilikuwa vuguvugu. Saa tisa kitindamimba akachungulia, akatangaza kwamba mahindi yanakaribia kuota.

Mama akasimama. Akachagua mawe matatu.

"Cucu, hapa kuni haturuhusu," kijana wa akala alisema kwa adabu. "Tunalinda miti."

"Nani amesema kuni?" Alikuwa amekwisha tuma watoto kwa jirani, wakarudi na gunia la magunzi. "Mti gani huzaa magunzi?"

Kijana alitafuta jibu katika kanuni zilizobandikwa ukutani. Halikuwamo. Jioni naye alikula githeri, akaongeza.

Kuhusu choo sitasema mengi. Badala ya maji unamwaga kopo moja la vumbi la mbao, na kwa kweli hakinuki. Shida ni kwamba kitindamimba hajui kopo moja. Alimwaga debe zima, akatoka mweupe kuanzia nyusi hadi viatu, na aliyefuata, ambaye ni mke wangu, alipiga chafya mpaka wageni wa hema la pili wakamwombea afya.

Mchana huohuo, githeri ikiwa bado juani, watoto wakubwa walitoweka. Kifungua mimba, ambaye nyumbani hunyolewa kwa vita, alisema anakwenda kunyolewa, na dada yake akamsindikiza. Walirudi na nywele zao zote na simu zimejaa chaji. Nyuma ya ua kuna kinyozi, na kinyozi ana stima, maana kijiji kizima kina stima. Asiye nayo ni mgeni aliyelipa. Nilitaka kuwakemea kwa niaba ya mazingira, nikakumbuka kwamba zaidi ya robo tatu ya umeme wa gridi yetu hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua, na kwamba Olkaria inazalisha umeme wa mvuke tangu 1981. Soketi ya kinyozi ilikuwa na uasilia wa kutosha. Nikampa na simu yangu.

Kisha tukapelekwa kuusikiliza mto. Kijana alituambia tufumbe macho tuvute pumzi. Tulivuta. Mama ndiye aliyefumbua kwanza: "Hii ni sabuni." Mto Nairobi humwaga uchafu wa jiji ndani ya Athi, na povu lake hufika mpaka maporomoko ya Fourteen Falls. Tulikuwa tumekimbia mjini, na mji ulikuwa umetutangulia kwa maji.

Usiku wa Jumamosi kanisa lilinyamaza. Ndipo tukasikia mngurumo mzito vichakani, usiokatika.

"Baba," kitindamimba alininong'oneza, "ni mbogo?"

Kilimambogo wapo, lakini mto uko katikati, nami sikuwa na uhakika kama mbogo huogelea. Tulikuwa bado tunashauriana Mama alipotoka na tochi yake. Tukasikia nyayo, kimya, kisha sauti yake nyuma ya jiko la kambi:

"Kijana, huyu mbogo wako anakunywa dizeli ya pesa ngapi kwa usiku?"

Betri za sola zilikuwa zimekata roho kwa sababu ya mawingu, na jenereta ilikuwa inapoza soda za kuuza. Mama alirudi na soda baridi kwa kila mtu. Hakusema kama alilipa.

Jumapili tulimrudisha kwake. Njia nzima alihesabu kwa vidole. Tangu hapo amekuwa akinipigia simu za kibiashara. Choo cha shimo anacho, kile cha zamani nyuma ya migomba. Magunzi yapo, mawe yapo, kanisa liko karibu zaidi. Jana alitaka kujua mambo mawili tu: kama watu wa Ruiru hulipia kuchota maji kando, au hilo huingizwa kwenye bei ya kulala; na kama kupalilia mahindi awawekee asubuhi au jioni, kwa ajili ya picha.