Malezi ya Dhahabu

Wazazi wa mjini wanaohangaika na vitabu vya malezi waje Nyarugusu, Geita, wasome bure. Kichanga hulala mgongoni mama akichoma zebaki ibaki dhahabu, hivyo huvuta elimu kabla hajaota meno. Wengine eti hungoja chekechea! Wa miaka kumi hubeba mawe kutoka duarani hadi kwenye karasha, mazoezi ambayo wenzake wa Masaki hulipiwa na baba zao. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kazi za hatari. Lakini hii si kazi, anamsaidia baba. Shule ipo palepale, haihami. Dhahabu ndiyo huisha.

Kwa mabinti, chuo ni Shinyanga: Sheria ya Ndoa ya 1971 iliridhika na miaka 15, na ng'ombe, jamani, hawangoji matokeo ya kidato cha nne.