Muulize Bibi wa Gatini: Mimi Bluu, Yeye Mwekundu

*Shikamoo Bibi. Mimi ni karani, nahesabu magunia ya korosho yanapopakiwa kwenye kontena. Kiongozi wa genge la makuli ananifokea kutwa: "Andika bwana, twende!" Juzi tulipelekwa semina, tukajaza fomu. Nikatoka bluu, mtu wa takwimu. Yeye akatoka mwekundu, mtu wa amri. Tukakumbatiana, tukapigwa picha. Jumatatu akanifokea vilevile. Nifanyeje?*
*Bluu wa Shangani*

Marahaba, mjukuu wangu. Pole na rangi.

Ukoo wa hizo fomu unaanzia kwa Mmarekani William Moulton Marston, aliyeandika mwaka 1928 kitabu kuhusu hisia za watu wa kawaida na kugawa tabia mafungu manne. Fomu zilitungwa na wengine baadaye, rangi pia. Marston mwenyewe, mwaka 1941, alimbuni Wonder Woman, yule mwanamke shujaa wa vitabu vya katuni mwenye kamba inayomlazimisha mtu kusema kweli. Ghalani kwenu kamba hiyo ingefaa kuliko fomu.

Na mafungu manne si mageni hapa pwani. Matabibu wa zamani walipokea kwa Waarabu, waliopokea kwa Wagiriki, hesabu ya damu, balghamu, safura na sauda. Mwenye safura nyingi ndiye huyo kiongozi wako. Tabibu angempa dawa. Semina imempa cheti.

Mimi nauliza jambo jingine: genge hilo linalipwaje? Kama ni kwa tani, kila ukisema "ngoja kidogo" unawakata posho. Wewe una mshahara wa mwezi, lakini likipotea gunia moja, kilo 80 za jasho la mkulima wa Tandahimba, anayeitwa ofisini ni wewe. Mpe yeye kalamu, nawe ulipwe kwa tani. Wiki haiishi mtakuwa mmebadilishana rangi.

Basi kabla ya zamu, kubalianeni magunia mangapi yanakaa safu moja ndani ya kontena. Safu ikijaa, mnahesabu wote wawili, unaandika, wanaendelea. Yeye hasimamishwi kwa kila gunia, wewe hutabaki unakisia. Ila usimwambie "nakuelewa, wewe ni mwekundu". Atakutwisha gunia.

*Bibi, vijana wangu hawana ari. Nimewashonea fulana. Kila mwezi nabandika picha ya Mfanyakazi Bora. Wao wimbo wao ni malipo ya zamu za mwezi juzi. Niongeze nini?*
*Bosi, Ligula*

Ongeza malipo ya mwezi juzi.

Ukitaka msomi, huyu hapa: Frederick Herzberg na wenzake waliwahoji wahandisi na wahasibu wapatao 200 huko Pittsburgh, wakachapisha matokeo mwaka 1959. Walisema ujira na mazingira ya kazi vikiwa vibovu humchukiza mtu, vikiwa vizuri humtuliza tu. Kinachompa ari ni kazi yenyewe, kufanikiwa na kutambuliwa. Mabosi wameipenda sana nusu ya pili. Lakini wale wahandisi walikuwa na mshahara wa uhakika, hawakuwa vibarua wanaosubiri meli itie nanga ndipo wajue watoto watakula nini. Lipa kwanza, bosi. Picha itapendeza baadaye.

*Shikamoo Bibi. Nikitoa maelekezo nauliza "mmeelewa?" Wanaitikia "ndiyo mkuu". Nikirudi, hakuna kilichofanyika. Mtaalamu anasema nina timu ya kijani, watu watulivu. Kweli?*
*Mkuu wa Zamu, Mikindani*

Marahaba. Si watulivu, wana adabu. "Ndiyo" ya mbele ya mkubwa ni shikamoo ya pili, haina ahadi ndani yake. Uliza "mtaanzia wapi?", kisha simama uone kontena la kwanza linavyopangwa.

Kuamuru bila kuona cha kwanza si jambo geni hapo: bandari yenyewe unayofanyia kazi ni mtoto wa mradi wa karanga wa mwaka 1947. Waingereza walipanga kulima ekari zaidi ya milioni tatu bila kuanza na shamba la majaribio. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, gati likabaki likisubiri karanga. Korosho zikaja kulisitiri.

Halafu mtafute mtani wako hapo kazini. Ndiye pekee awezaye kukuambia mbele ya watu kwamba maelekezo yako hayaeleweki hata na anayeyatoa, watu wakacheka, nawe ukarudia upya bila kuvunjika heshima. Semina nzima haifanyi kazi hiyo. Ila usimpe cheo. Siku atakapokuwa msaidizi wako ataanza kuitikia "ndiyo mkuu", nawe utakuwa umepoteza sikio. Na utani una mipaka yake: anayemtania binti wa ofisini hadi akashindwa kufanya kazi si mtani, huyo mpeleke panapohusika.

*Bibi, mimi ni mwekundu, mchumba wangu ni njano. Tangu Oktoba ananipenda kupita kiasi. Rangi zetu zinapatana?*
*Kapera mwenye ekari za mikorosho, Chikongola*

Hii ni safu ya kazi, mjukuu wangu. Lakini niandikie tena mwezi wa tano, minada imekwisha na mfuko umekauka. Nikijibu leo nitakuwa napima korosho.