Dakika 26 Hadi Mbale

Shemeji yangu ni mtu wa hesabu. Agosti 2024, msimu wa imbalu, mtoto wa dada yangu aliyeolewa Bugisu alikuwa anatahiriwa, nasi tulitakiwa tutoke Walukuba, hapa Jinja, alfajiri. Shemeji akafungua simu: kiwanja cha ndege cha Jinja hadi cha Mbale, mstari mnyoofu, kilomita 130 hivi. Ndege ndogo inayokwenda kilomita 300 kwa saa, dakika 26. Akaagiza chai nyingine na chapati.

Ndege yenyewe ndiyo haipo. Viwanja vyote viwili ni vidogo, havina safari za ratiba. Anayeng'ang'ania kuruka aanze kwa kwenda Entebbe, kule ng'ambo ya Kampala, yaani aipe Mbale mgongo kwanza. Kidege ukikiona huku mashariki, huenda ni mwanafunzi wa chuo cha urubani cha Soroti kilichoanzishwa 1971, naye ana mashaka yake.

Tukaenda steji. Kondakta akaapa, "Wazee, ingieni, amebaki mmoja tu!" Kweli ndani watu walijaa. Mama mmoja mwenye kikapu alinipokea vizuri, akanieleza habari za mgonjwa wake wa Mbale, nikampa pole. Abiria wa kweli walipokuja, mama akashuka. Akashuka na kijana wa mbele, na mzee wa kofia. Baadaye nikamwona mama kwenye teksi ya Soroti, kikapu mapajani, mgonjwa kahamia huko.

Simu ikalia: babu yake mtoto wa dada. "Mko wapi?"

"Kwa ndege ni dakika ishirini na sita tu, Mzee!" Shemeji huyo.

Huko ngoma za kadodi zilikuwa zinavuma, na mzee alidaka neno moja tu: ndege.

Safari ilikuwa safari. Pale Nakalama, dirisha likajaa gonja na nyama ya mishikaki; kuku wa jirani yangu akajifungua kamba, akanikalia kiatu hadi tukavuka mapapirasi ya Mto Mpologoma. Mlima Wanale ulipochomoza kwa mbali, Shemeji akasema kwa mstari mnyoofu tumeshafika.

Tulimkuta kijana ameketi, leso kiunoni, shughuli imekwisha. Kisu cha imbalu hakimsubiri mjomba. Watoto walikuwa wanatuchungulia migongoni kutafuta ndege. Mzee alikuwa ameshatangazia ukoo mzima kwamba wakwe wa Jinja wanatua, na kutuma bodaboda mbili kiwanjani kutupokea. Madereva wake walirudi na vumbi, jua na bili ya kusubiri, kubwa kuliko nauli yetu ya teksi.

Shemeji akatoa simu apige hesabu. Dada yangu akamnyang'anya.

Wewe unayekwenda Mbale, kabla hujaingia teksi mtazame vizuri mwenye kikapu. Na ukiulizwa umefika wapi, taja mji.