Udi Juu ya Ulingo

Wana baraza wa Chumbageni, Tanga! Mshikeni muuza kahawa asiondoke kwanza.

Yule mwenzetu aliyekuja huku Wisconsin mwaka juzi alitaka kuwinda. Na si sungura: alitaka dume la kulungu wa mkia mweupe, lenye pembe za kutundika ukutani. Kwa kuwa mimi nimeshaganda juu ya miti ya huku misimu minne, nikateuliwa kuwa kiongozi wake. Sheria inasema aliyezaliwa kuanzia 1973, kama hakusomea uwindaji, hawindi peke yake. Awe na mzoefu, na mzoefu asimwache zaidi ya urefu wa mkono. Huo urefu wa mkono uwekeni akilini, ndio ulioniponza.

Msimu wa bunduki ni siku 9 tu, kuanzia Jumamosi kabla ya sikukuu ya Shukrani ya Novemba. Tukaenda Kaunti ya Buffalo, kando ya mto Mississippi. Buffalo maana yake nyati. Nyati mwenyewe humwoni hata wa dawa, ila kwa madume ya kulungu pana sifa Marekani nzima.

Msidhani ni kulungu wetu wa Usambara. Huyu pembe zina matawi kama mkorosho, na kila mwaka humdondoka akaota nyingine. Watu huzipima kwa inchi, na upande wa kushoto usipolingana na wa kulia unakatwa maksi! Klabu ya Boone and Crockett, aliyoiasisi Theodore Roosevelt mwaka 1887, hutaka pembe za umbo la kawaida zifike 170 ndipo uingie daftari lao la kudumu. Nikamsimulia jamaa habari za James Jordan, aliyeua dume la 206 na ushei hapahapa jimboni mwaka 1914. Pembe akampa fundi wa kukausha wanyama, fundi akahama nazo, miaka ikapita zikauzwa dola 3 kama takataka. Jordan alikuja kutambuliwa kuwa ndiye aliyeliua 1978, mwaka uleule aliofariki. Jamaa akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na nyama ilikwenda wapi?"

Nikamvika koti la rangi ya chungwa, maana sheria inataka nusu ya vazi la juu iwe hivyo (tangu 2016 hata waridi kali inaruhusiwa). Kulungu rangi hiyo haimshtui. Kinachomlinda ni pua. Kwa hiyo nilimpa jamaa sabuni isiyo na harufu, afulie nguo zote. Akafua, kweli akafua. Kisha akazianika juu ya chetezo, akazifukiza udi aliotumiwa na mama yake, kwani mtoto wa Tanga atatokaje nje bila kunukia?

Mimi nilikuja kujua saa kumi na moja alfajiri, tumeshapanda ulingo, baridi inakata masikio. Ulingo ni uleule wa kulindia mpunga, ila huu wa chuma. Kusogea siwezi: urefu wa mkono! Nikatoa kichupa cha mkojo wa kulungu jike, unaouzwa dukani kuwavutia madume. Jamaa akanusa, akaniangalia kwa huruma. "Mimi na wewe, nani ananuka?"

Saa moja na nusu likatokea dume. Matawi kumi, shingo imevimba kwa ashiki, pua chini, linamfuata jike kama limelogwa. Nikamgusa jamaa. Akainua bunduki, akavuta bismillah. Upepo nao ukageuka.

Jike likasimama. Likainua pua, likapiga kwato chini, likapuliza kama lori linaloachia breki. Mikia miwili myeupe ikapepea kama leso za kuagana bandarini, msitu ukabaki mtupu.

"Lina adabu," jamaa akasema. "Limenusa harusi, likakumbuka halikualikwa."

Siku 8 zilizobaki tuliona kindi. Mwenye shamba tulimowindia, mzee aliyestaafu kufuga ng'ombe wa maziwa, alicheka hadi akakaa chini. Mkewe hakucheka, alilishika lile koti, akalinusa, akauliza yanapatikana wapi hayo manukato.

Basi mwambieni mama yake kifurushi kijacho akitume Desemba, msimu ukishapita, na aongeze cha mke wa mzee.