Namna ya Kumaliza Msimu wa Kriketi Ukiwa Adungosi

Ukitaka kuiua klabu ya kriketi Adungosi mapema, anza na jezi. Zikifika, kila mtu atavaa apigwe picha, picha zitazunguka WhatsApp siku tatu, mheshimiwa atashukuriwa kwa kuwajali vijana, na siku ya mechi ya kwanza mtajikuta saba. Mwongozo huu ni wa yule anayetaka timu yake iwe hai bado mechi ya mwisho ya ligi ikichezwa. Jezi tutazifikia. Kwa sasa tafuta kiwanja, daftari, mipira miwili na watu kumi na watano wanaojua kuamka.

Kumi na watano, kwa sababu kriketi inataka kumi na mmoja na Adungosi iko kwenye barabara ya Busia–Malaba. Mmoja ataitwa Malaba kwa kuwa lori la tajiri wake limekwama kwenye foleni ya mpakani. Mwingine ni mwalimu na amepewa zamu. Wa tatu, boda boda yake ndiyo inayolisha nyumba, na Jumapili ndiyo siku ya abiria wa kanisani. Ukihamishia mechi Jumamosi, umewapoteza Wasabato. Hawa wote ni watu wazima wenye majukumu, na nahodha anayewafokea kwenye simu saa nne za usiku atabaki kucheza na mbuzi. Waulize Jumatano nani yupo, waulize tena Ijumaa, uandike majina, na uhakikishe kikosi kina wa Jumamosi na wa Jumapili.

Vipaji usiviendee mbali. Kijana anayeangusha embe kwa jiwe la kwanza atafaa popote utakapomsimamisha. Msichana aliyecheza mchezo wa kati shule ya msingi ameshajua kutupa kwa shabaha na kukwepa, nusu ya kazi imekwisha. Usimwache mstari wa nje akishika maji. Tangu mwaka 2014 Rwanda huandaa mashindano ya wanawake ya Kwibuka, ya kuwakumbuka waliouawa katika mauaji ya kimbari, na timu za Kenya na Uganda zimekuwa zikienda Kigali kuyacheza. Mazoezi yenu yawe ya pamoja, hata kama ligi itawatenganisha.

Sasa kiwanja. Hapa usiwe na haraka, maana nimeona watu wakijali bango la klabu kuliko ardhi watakayoichezea. Zungumza na mwalimu mkuu, zungumza na chifu, kisha zungumza na mwenye ng'ombe, maana yeye ndiye anayekitumia kiwanja kila siku. Usimfukuze. Mwombe mchungaji wake akae kwenye ubao wa alama awe anabadilisha namba. Akishaelewa kwa nini watu wanapiga kelele wiketi ikianguka, ng'ombe ataanza kuwaondoa mwenyewe.

Kutoka wiketi hadi wiketi ni mita 20.12. Tumia futi kamba ya fundi, usipime kwa hatua. Hatua za mtu mfupi zitakupa pichi fupi, warushaji wako watajiona hatari nyumbani, halafu wakienda ugenini kila mpira utaanguka mbali na mpigaji naye ataupiga anavyotaka. Upana uwe mita 3.05. Ondoeni majani, chimbeni shubiri moja, jazeni murramu na mshindilie. Juu yake wekeni udongo wa kichuguu uliopondwa na kuchekechwa, kwa sababu unashikana vizuri na tunaujua: ndio uliosakafia nyumba nyingi za Teso. Nyunyizeni maji, acheni yanywewe, kisha viringisheni pipa la lita 200 lililojazwa kokoto na saruji, vijana wanne wakilisukuma, kwenda na kurudi mpaka unyayo usiache alama. Funikeni kwa nyasi ukauke polepole. Jua la saa saba likiupata udongo mbichi utapasuka, na mpira ukiingia kwenye ufa hakuna anayejua utatokea wapi.

Juu ya udongo huo hutandikwa mkeka wa makumbi, unaovutwa na kupigiliwa kando kwa misumari mirefu. Uvuteni mpaka uwe kama ngozi ya ngoma. Mkeka uliolegea hujikunja, na mpira ukigonga kunjo huruka usoni. Mpira wa kriketi una uzito wa kati ya gramu 156 na 163, ndani kizibo na uzi, nje ngozi ngumu. Kwa hiyo hakuna helmeti, hakuna kupiga. Hata akija mtoto wa mfadhili. Wanaoanza wapeni mpira wa tenisi uliozungushiwa tepu ya umeme, ambao ndio uliofundisha vijana wa mitaani Karachi, na hautamnyima mtu jino.

Mwalimu wa mchezo utamtoa wapi? Watu watakuambia Nairobi. Ni kweli kwamba kriketi ya Kenya ilikulia Nairobi na Mombasa, katika vilabu ambavyo vingi vilianzishwa na jamii za Wahindi, na huko ndiko walikotoka Steve Tikolo, Maurice Odumbe na ndugu wa ukoo wa Obuya. Lakini simama Adungosi uangalie ramani bila kiburi cha pasipoti. Kampala iko karibu kuliko Nairobi. Jinja, mji wenye kriketi ya miaka mingi, iko karibu zaidi. Na Soroti kuna Teso College Aloet, shule iliyotoa wachezaji wengi, na ukifika pale utasalimiwa "yoga" nawe utajua kuitikia. Kaka zetu Wateso wana ujuzi huu ng'ambo ya mpaka na sisi tunaungoja ushuke kutoka Nairobi. Naona ni upotevu, na ndiyo sababu kubwa ya kuandika haya. Mwalike mchezaji wao mmoja akae kwenu wiki mbili. Mpe kitanda, ugali wa wimbi na kuku, na atawaachia mambo ambayo hakuna video inayofundisha.

Kuvuka si kazi ngumu. Tangu 2014 Mkenya huingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa, na Malaba na Busia zote zina kituo cha pamoja ambamo maafisa wa nchi mbili wamekaa jengo moja. Kazi iko kwa mwenye kubeba begi la vifaa. Andika orodha ya magongo, pedi, glavu na helmeti, ionyeshe forodhani mnapotoka, ili mkirudi jioni msianze kueleza kwamba hamkwenda kununua. Na yule aliyesahau kitambulisho nyumbani asidhani kwamba njia ya panya ni njia ya timu. Mwacheni abaki, mpigieni simu kumwambia matokeo.

Mechi ya ova 20 kwa kila upande huchukua kama saa tatu. Huku kwetu mvua ya ziwani hupenda kuja alasiri, kwa hiyo mpira wa kwanza urushwe saa tatu asubuhi, na saa tatu maana yake ni saa tatu. Timu inayofika saa tano ikisingizia matatu imejinyima mazoezi ya kupasha mwili, imewakera waamuzi, na mara nyingi itaiona mvua ikiwa bado inahitaji ova sita.

Waamuzi nao: katika ligi za ridhaa, timu inayopiga ndiyo mara nyingi hutoa wa kusimama. Basi kila mchezaji wako ajue kuamua, na awe tayari kumtoa binamu yake mbele ya watu wa ukoo. Sheria za kriketi ni 42. Anzeni na ya 36, ya mguu mbele ya wiketi, kwa sababu ndiyo inayovunja urafiki. Mpira ukidunda nje ya upande wa mguu, mpigaji hatoki, hata kama uwanja mzima unapiga yowe. Mwamuzi asiyejua hilo ataongozwa na sauti kubwa zaidi.

Kama una kijana mtaratibu anayependa hesabu, huyo ndiye mtu muhimu kuliko mshambulizi wako. Mpe kalamu mbili na kitabu cha alama, mweke kivulini, na mtu yeyote asimguse. Ligi nyingi huzitenganisha timu zenye pointi sawa kwa wastani wa mikimbio kwa ova, na hapo ndipo timu changa huuza msimu bila kujua. Tuseme mmepiga mikimbio 120 katika ova 20: hiyo ni 6 kwa kila ova. Wapinzani wakafika 121 katika ova 15, yaani 8.07. Mmetoka na hasi 2.07. Lakini mkiwabana, wakafika 121 katika ova 19, wastani wao ni 6.37 na ninyi mmetoka na hasi 0.37. Mechi mmeipoteza kwa hali zote mbili, ila mwezi wa mwisho tofauti hiyo yaweza kuwapandisha nafasi mbili. Na mkitolewa wote kwa mikimbio 84 katika ova 14, mnagawanyiwa kwa ova zote 20, si 14, mkabaki na 4.2. Kwa hiyo mpigaji wa kumi na moja, yule ambaye kila mtu anacheka akivaa pedi, akizuia mipira thelathini bila kutafuta sifa, mwenzake akiongeza mikimbio, anaifanyia klabu kazi kubwa. Msicheke. Mpigieni makofi.

Mipira ya kando nayo ni aibu. Kila mpira uliopotoka sana ni mkimbio wa bure na unarudiwa. Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune nchini India, Kenya iliishinda West Indies katika Kombe la Dunia kwa mikimbio 73: Kenya 166, West Indies 93. Watu hukumbuka Brian Lara akidakwa na Tariq Iqbal kwa mpira wa Rajab Ali, na ni haki yao. Wachache hukumbuka kwamba katika mikimbio ile 166, hakuna mpigaji wa Kenya aliyefikisha idadi ya mikimbio ya bure tuliyopewa na West Indies. Mweleze hivyo mrushaji wako mwenye kasi anayetaka kukimbia kutoka Amukura kabla ya kuachia mpira. Hatua kumi, na mpira unyooke.

Mtapoteza. Timu mpya huanza hivyo na hakuna mganga wa kulizuia. Jifunzeni kwa Uganda, ambao Juni 2024 walicheza Kombe la Dunia la ova 20 kwa mara ya kwanza. Afghanistan iliwatoa kwa 58. West Indies wakawatoa kwa 39, New Zealand kwa 40. Katikati ya hayo, kule Guyana, waliishinda Papua New Guinea: wakawatoa kwa 77, wakafika 78 kwa kupoteza wiketi saba. Frank Nsubuga, mwenye umri wa miaka 43, alirusha ova nne akatoa mikimbio minne tu na kuchukua wiketi mbili. Riazat Ali Shah alipiga 33 kwa mipira 56, uzito ambao kwenye mazoezi yenu ungezomewa. Wiketi zilikuwa zikianguka upande wa pili, yeye akasimama. Hayo ndiyo ya kumwonyesha kijana anayetaka kupiga kila mpira hadi mtoni.

Mechi ikiisha, wenyeji hulisha wageni. Hili halina mjadala, hata kama mmefungwa kwa wiketi kumi na nahodha wao ana maneno mengi. Chai na mihogo inatosha. Wanaokunywa wawekewe chungu cha pombe ya ajono, mirija izungushwe wazee kwanza, na mwamuzi aliyewatoa vibaya apewe mrija kama wengine. Kabla ya mechi, hata tone. Mzee akisema kwamba zamani walicheza mpira wakiwa wamekunywa, mwitikie kwa heshima, "Ndiyo, papa," na usimwandike kwenye kikosi.

Fedha sasa, kwa ufupi, kwa sababu dawa yake ni moja. Kila mwezi mweka hazina asome kwa sauti taarifa ya M-Pesa ya klabu, mstari kwa mstari, mbele ya wanachama, kuanzia mchango mdogo kabisa hadi nauli ya matatu. Asiyependa kusikilizwa asishike simu hiyo. Mwanasiasa akija na bahasha, ipokeeni, iandikwe kwenye daftari, na mumwambie wazi kwamba jina lake halitaandikwa kwenye wiketi. Akitaka kusaidia kweli, kuna mkeka unaokatika kila mwaka, kuna mipira, kuna nauli ya Jinja.

Jezi: mtanunua mkishamaliza mechi nne bila kukosa mtu wa kumi na mmoja. Nunueni rangi ambayo duka la Busia litakuwa nayo tena mwakani, bila majina mgongoni, ili mgeni wa dharura aweze kuvaa. Ya mwisho baada ya mechi ya mwisho ni mkutano. Uitwe wiki hiyo hiyo, kabla watu hawajatawanyika kwenda kupanda au kutafuta kazi Nairobi. Someni alama za kila mchezaji, ya juu na ya chini. Chagueni nahodha kwa kura ya siri. Mkabidhi funguo za chumba cha vifaa mtu anayeishi Adungosi, na kila anayetaka kucheza msimu ujao aandike jina lake na kulipa ada siku hiyo, kabla ya kuondoka.