Huruma kwa Dakika Nane: Barua ya Wazi kwa Baraza la Madaktari la Uingereza



Pongezi zenu zimechelewa. Mmeweza jambo lililowashinda wahenga: kupima huruma kwa saa ya ukutani.

Katika PLAB 2, mtihani wenu wa vitendo kwa wanaotaka kutibu Uingereza, daktari aliyesomea nje hupita vituo 16, kila kimoja dakika nane. Husoma maelezo mlangoni kwa dakika moja na nusu, kengele ikalia, akaingia. Ndani yumo mwigizaji anayelipwa kuwa mjane. Kengele tena, na msiba umekwisha. Chumba cha pili kuna mkono wa plastiki unaongoja kutolewa damu.

Haki isemwe. Ronald Harden na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dundee walipoutangaza mtindo huu mwaka 1975, mtahiniwa alizoea kupewa mgonjwa mmoja, na bahati yake ikategemea maradhi ya huyo mgonjwa na moyo wa mtahini. Vituo vilikuja kuivunja kamari hiyo: maswali yaleyale kwa wote, mtahini mpya kila chumba. Hakuna aliyebuni njia ya haki zaidi, na atakayetaka kuufuta mtihani huu aseme kwanza ataweka nini.

Ila kwa nini mtihani ufanyike Manchester peke yake? Daktari wa Mwanza au Kisumu, aliyewahi kuzalisha kwa mwanga wa simu, atafute viza, tiketi, chumba cha kulala na ada ya karibu pauni 1,000. Akifika, hujiunga na darasa la kukaririshwa upole: “Pole sana kusikia hivyo. Unahofia nini hasa? Ulitarajia tukusaidieje?” Mwigizaji naye ameficha siri yake mpaka aulizwe swali lililo kwenye karatasi. Wawili hao huigizana, mtahini akatia alama.

Wanafunzi wa Uingereza, kwa upande wao, hufanyia mtihani wa vitendo vyuoni mwao. Labda hewa ya Manchester inawafaa wageni tu.

Vituo viacheni. Fungueni kumbi nyingine za mtihani Nairobi au Dar es Salaam, na mtahini ampe alama anayemsikiliza mgonjwa, hata akikosa sentensi ya darasani. Tena wapo waliofaulu wanaotuma maombi ya kazi katika huduma ya afya ya taifa, NHS, bila kuitwa. Hali hiyo ya ajira waelezeni watahiniwa kabla hamjapokea ada.