Barua ya Wazi kwa Mgeni Rasmi, Popote Ulipo Njiani

Mheshimiwa, itifaki imezingatiwa.

Nakuandikia kutoka kiti cha plastiki, mstari wa nne, nje ya turubai. Kadi ilisema saa tatu kamili asubuhi. Sasa ni saa saba kasoro, na MC ametutangazia mara ya tano kwamba umeshafika “maeneo ya karibu”. Tunakutakia mapumziko mema katika maeneo hayo.

Nina wasiwasi kwamba hujaambiwa unakuja kuzindua nini. Ni matundu manne ya vyoo vya shule. Yamekamilika tangu mwezi uliopita, yamepakwa rangi ya bluu, na utepe umezungushwa mlango hadi mlango. Mbele yake wamepangwa watoto wa darasa la pili waliokunywa uji saa moja, na mwalimu wa zamu amesimama na fimbo ili asiingie mtu kabla yako. Binti wa ngonjera amepishanisha miguu kama mkasi, macho kwenye utepe. Wawili wameshajilowesha. Wamejikojolea mbele ya choo kipya, Mheshimiwa, kwa sababu mtu mzima mwenye saa ya bei mbaya mkononi hajamaliza chai. Huu ni ukatili, na anayeuita itifaki aone haya.

Samahani. Jua limenipiga utosini.

Wenzangu hapa wanacheka tu. “Ndiyo Bongo hiyo,” anasema jirani yangu, “saa za Kiafrika.” Ndivyo tulivyo. Mbele ya mgeni wa ng'ambo tunahesabu Kilimanjaro mita 5,895, tunataja Serengeti, tunamkumbusha kwamba mlima hauko Kenya. Tukibaki wenyewe, tunajitukana kwa raha zetu. Ila nimelichunguza tusi hili la saa (muda nimepewa wa kutosha) na naona tumebebeshwa mzigo usio wetu. Basi la mkoani linatoka Mbezi saa kumi na mbili alfajiri; ukichelewa dakika tano unalifukuza kwa bodaboda hadi Kibaha. Mvuvi hapishani na maji. Shabiki wa Simba na Yanga yuko uwanjani tangu asubuhi kwa mechi ya jioni. Anayechelewa ni wewe, sisi tunakusaidia kubeba jina.

Kwa kuwa kukuomba uwahi ni utovu wa nidhamu, naomba nchi ianzishe Saa ya Mgeni Rasmi. Inawezekana. Hata saa tunayoitumia imepimwa kwenye longitudo ya nyuzi 45 mashariki, ambayo kwetu huku ni bahari tupu, mbali hata na Mafia. Ndiyo maana jua la Kigoma liko nyuma ya saa ya ukutani kwa kama saa nzima, na watu wanaishi. Kama tuliweza kuazima saa baharini, tushindwe kuifunga kwenye gari lako? Mafundi wavute waya kutoka tairi la shangingi hadi mnara wa saa wa kila wilaya. Likitembea, mshale utembee. Ukishuka kunywa supu, mshale usimame, na nchi isimame nao: maharage ya mama lishe yasiungue, barafu ya muuza soda isiyeyuke, riba ya vikoba isizae, wajawazito wavumilie. Jua litaandikiwa waraka. Wazee wetu walianza kuhesabu saa jua linapochomoza. Sisi tutaanza unapochomoza wewe. Ukikanyaga zulia iwe saa tatu kamili, kama kadi ilivyosema, na MC atangaze bila kusutwa na nafsi kwamba mgeni wetu amewahi.

Mengine ni madogo. Maji ya meza kuu yafike mstari wa nne. Ukisema una machache, yawe machache. Na kwenye kibao cha uzinduzi fundi naye aandikwe jina, hata kwa herufi za sisimizi.

Nakatisha hapa, vumbi limeonekana barabarani na tumeamriwa kusimama.

Ni lori la mchanga. Tumeshalipigia makofi.

Binti wa ngonjera simwoni kwenye mstari. Mwalimu wa zamu ameamua kutazama mlingoti wa bendera, na utepe wa mlango wa tatu unaning'inia. Ukifika, Mheshimiwa, kata utepe wa milango mingine.